Manyoya ya Mtachoka

Watu wa ploti yetu walijua ugonjwa wangu kabla daktari hajaujua. Walisema ni mbwa. Walisema manyoya yake yameniingia kifuani, yamejisokota huko ndani, ndiyo maana nakohoa. Walisema hivyo kwenye bomba la maji, wakasema kwenye kamba ya kuanikia nguo, wakaendelea kusema hata nikiwa nimesimama hapo hapo na ndoo yangu. Naandika haya kwa mtu aliyeambiwa wiki hii kwamba ana TB, akarudi nyumbani akakuta majirani wameshamaliza kesi. Mimi nimepona. Dawa ndiyo iliyoniponya, si wao, na sina nia ya kuwapamba.

Tunakaa Migori mjini, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, ploti ya milango sita na lango moja la bati. Mimi ni fundi wa cherehani, nashona yunifomu za shule. Mume wangu, Okelo, anaendesha trekta ya kubeba miwa upande wa Uriri. Hatuna mtoto. Nasema hilo mapema kwa sababu majirani walilisema mapema, mwezi ule ule tuliohamia, na aliyelisema kwa sauti kuliko wote ni Mama Vero wa mlango wa pili, anayekaanga samaki karibu na lango na kuwauza jioni.

Huku kwetu mtu akichoshwa na midomo ya watu si lazima aende kugombana. Anafuga mbwa, anampa jina la kuwajibu. Kule Magunga nilikozaliwa, jirani wa mama yangu alikuwa na mbwa anayeitwa Kwani Ni Yenu, na kila jioni alisimama uani akimwita mpaka boma la ng'ambo wakasikia. Hakuna anayeweza kukushtaki kwa chifu kwamba umemwita mbwa wako. Basi na mimi nilienda Magunga nikarudi na mtoto wa mbwa ndani ya katoni, jike, rangi ya chai ya maziwa, nikamwita Mtachoka. Nilimwita asubuhi, nikamwita jioni, uso wangu umeelekea mlango wa pili.

Nilimleta kwa hasira, lakini mbwa hajui umemleta kwa nini. Alilala kwenye gunia mlangoni pangu. Nikienda kibandani kushona alinifuata, akajinyoosha kando ya pedali ya cherehani mpaka nifunge kazi. Na Vero, binti wa Mama Vero, mtoto wa chekechea, alikuwa akitoroka kwao kuja kumkumbatia, mama yake akimwita kwa sauti ya kupasua mabati. Mama Vero mwenyewe alikuwa na kikohozi chake kikavu. Alisema ni moshi wa jiko. Tulikizoea kama tulivyoizoea redio ya mlango wa nne.

Changu kilianza na mvua za vuli. Mwanzoni nilikonda nikafurahi. Nilipunguza sketi zangu kiunoni, nikajigeuza mbele ya kioo cha wateja, nikajiona msichana. Baadaye nikazipunguza tena. Ilipofika mahali kitambaa nilichokunja ndani ni kingi kuliko kilichobaki nje, furaha ikaisha. Shuka zilikuwa zikiloa jasho, na harufu ya samaki wa Mama Vero, ambayo zamani ilinitia njaa, sasa ilinitapisha. Nilimeza dawa za kikohozi za dukani. Halafu siku moja nikakohoa juu ya shati jeupe la mwanafunzi, na shati likapata doa jekundu. Nilifunga kibanda mchana ule ule nikaenda hospitali, Mtachoka akinifuata nyuma.

Chumba cha TB kiko mwisho kabisa, ukishapita wodi ya akina mama wanaojifungua. Madirisha yake yako wazi hata mvua ikinyesha. Benchi la kungojea liko nje, chini ya bati. Hapo utakutana na watu unaowajua, na kila mmoja atakuambia amekuja kumwona mgonjwa. Waache, usiwasute, na wewe utasema hivyo hivyo siku yako ya kwanza. Utapewa kikopo uende kule nyuma ukakohoe makohozi ya kutoka ndani, na ukirudi na mate matupu utarudishwa. Ni aibu, naijua. Kohoa.

Muuguzi wetu alikuwa mwanamke wa Homa Bay, mkavu, asiyecheka na mtu. Aliponiambia, nililia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza nakaa na nani nyumbani. Nikasema mume na mbwa. Akasema mume aje apimwe. Nikamuuliza, na mbwa je? Maana maneno ya ploti yalikuwa yamenikolea hata mimi. Akaniambia TB hii inatoka kwa mtu inakwenda kwa mtu, kwa hewa, na manyoya hayamo humo. Okelo alikuja, akapimwa, akakutwa hana kitu. Alishukuru Mungu kwa sauti, halafu akaniona nilivyokaa, akanyamaza.

Sasa nikuambie kuhusu vidonge. Ni vikubwa, rangi ya matofali, na utavimeza kabla tumbo halijaamka vizuri. Viungo vitauma, magoti yangu yalikuwa ya bibi wa miaka themanini. Ngozi itawasha. Baada ya wiki chache njaa itakurudia kwa fujo, utatamani ugali mpaka aibu, na hiyo ni habari njema, kula. Na mkojo utakuwa mwekundu. Mimi muuguzi aliniambia, kwa hiyo sikushtuka. Ila choo chetu ni cha ploti nzima, na aliyeingia baada yangu asubuhi hiyo alikuwa Mama Vero. Alitoka mbio akipiga kelele kwamba Nyar Magunga, binti wa Magunga, ndiyo mimi, anakojoa damu, mbwa amemmaliza matumbo. Kufika saa sita, wateja wangu wawili walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo sijavikata hata mkasi mmoja.

Watu walinihama wakati mimi niko pale pale. Nikikaribia bomba, ndoo zinaondoka. Nikianika nguo, kamba inabaki yangu peke yangu. Hata kanga zao walizivuta mbali zisiguse zangu. Aliyetembea na mimi kwenda kliniki alikuwa Mtachoka. Alilala chini ya benchi la hospitali na watu wa benchi, ambao nao walikuwa wanakwepwa makwao, walimpapasa masikio. Mzee mmoja mwembamba alikuwa akimmegea chapati yake kila tukikutana. Mzee huyo hatujawahi kuulizana majina. Nilimpenda kuliko jamaa zangu wote waliotuma salamu kwa simu.

Halafu mwenye ploti akamtuma keateka anayemtunzia ploti, Ojwang, aitishe mkutano. Walikaa uani kwenye viti vya plastiki, mimi nikaambiwa nisimame kando, upepo uwe upande mwingine. Mama Vero ndiye aliyesema zaidi. Alisema mbwa anapumulia watoto, mbwa amefanywa mtoto ndani ya nyumba isiyo na mtoto, na sasa tuone matokeo. Mzee Salim wa mlango wa kwanza, mwenye duka la sukari na mchele, ndiye pekee aliyesema la haki. Alisema yeye mbwa hamtaki karibu na mlango wake kwa sababu ya swala yake, na hilo hajawahi kulificha, lakini kusema mbwa ameleta TB hawezi, kwa maana hajui. Hawakumsikiliza. Uamuzi ukawa mbwa aende au twende sisi.

Nilisema kwa herufi kubwa kwamba mbwa haendi popote. Okelo alikuwa anaangalia viatu vyake. Ningemwangalia yeye wakati ule badala ya kumwangalia Mama Vero, ningejua.

Siku ya kliniki iliyofuata, Okelo aliniambia nimwache mbwa, jua ni kali. Niliporudi gunia halikuwepo mlangoni. Mahali pake palikuwa pamemwagiwa dawa ya choo, bado pamelowa, na ufagio wa Mama Vero umeegemezwa ukutani pangu. Okelo alirudi jioni akasema amempeleka Homa Bay kwa dada yake, karibu na ziwa, ataishi vizuri. Nilimpakulia chakula, nikaweka sahani mezani, na kuanzia siku hiyo nilimpakulia bila neno. Krismasi ilikuja ikapita, tukiwa wawili ndani ya chumba kimoja na mazungumzo ya redio ya watu wengine. Ndugu msomaji, ugonjwa unaweza kuingia katikati ya mtu na mume wake ukakaa hapo kama mgeni asiyeaga. Sikudanganyi kwamba tulivumiliana. Nilimchukia.

Ploti ilifurahi sana. Mhudumu wa afya wa mtaa alipokuja kuwaomba wote wa milango sita waende wakapimwe, kwa sababu tunashiriki hewa na choo, walimcheka. Mama Vero alimwambia ugonjwa umeshapanda gari la Homa Bay. Walijiona wamepona kabla hawajajua kama wanaumwa. Mimi nilimeza vidonge vyangu, nikaongezeka, nikaanza kuachia sketi zangu nilizokuwa nimezipunguza. Nilifungua mshono mmoja, kisha mwingine. Hiyo ndiyo mizani yangu, na kila mshono nilioufungua niliufungua nikiangalia mlango wa pili.

Shule zilipofunguliwa nilimshonea Vero gauni la shule. Ndiyo, nilimshonea, mama yake alinitumia kitambaa kupitia kwa Ojwang ili asinikaribie. Mvua ndefu zilipoanza, nilimwona mtoto uani amevaa gauni lile, mabega yanadondoka. Mtoto wa umri ule gauni linamwishia, halimpwayi. Nilishona kiuno kile kwa mkono wangu, nakijua. Nikasimama nikisikiliza, na akakohoa. Nilikijua na kikohozi kile pia.

Hapo nikasahau kwamba simsemeshi mtu. Nilimwendea Mama Vero kwenye jiko lake, mafuta yanachemka, nikamwambia mtoto anakonda, ampeleke apimwe kifua. Aligeuza samaki. Alisema ni minyoo. Siku nyingine nikamwendea tena, akasema ni baridi ya mvua. Mara ya tatu ploti yote ilikuwa nje, mvua imekatika, na akanijibu ili wote wasikie.

"Mbwa wako alikuwa anamlamba," akasema. "Manyoya yalibaki kifuani mwake. Wewe ndiye uliyemroga mwanangu na mbwa wako."

Damu ilinipanda. Nikasema kitu ambacho sikukipanga. Nikasema basi twende hospitali mtoto apigwe picha ya kifua. Picha ikionyesha unyoya hata mmoja, nitamleta Mtachoka hapa na yeye Mama Vero amuue mbele yangu kwa namna anayotaka. Isipoonyesha, mbwa anarudi nyumbani kwake, na ni Mama Vero atakayemfungulia lango.

Nilijua hakuna manyoya. Muuguzi aliniambia na nilimwamini. Lakini mtu aliyeugua muda mrefu haamini kitu mpaka mwisho, na nilipotamka neno "amuue" niliona masikio yale ya rangi ya chai. Na upande mwingine niliona, kama hakubali, mtoto huyu atazikwa na gauni nililoshona mimi.

Mama Vero alikubali. Alikubali kwa chuki, kwa kutaka kunishinda mbele ya watu, na mimi sikujali amekubali kwa nini.

Tulikaa kwenye benchi lile lile, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule, Vero katikati. Mtoto aliniuliza kama Mtachoka bado analala kwa gunia. Nikamwambia analala kando ya ziwa, anakula omena. Mama yake akamvuta upande wake. Tulikaa hivyo mpaka tukaitwa, na picha ilipowekwa kwenye taa, Mama Vero alienda karibu mpaka pua ikaigusa, akamwambia daktari amwonyeshe manyoya yako wapi.

Daktari hakumwelewa. Akamweleza tena, manyoya, ya mbwa, ya huyu mama. Daktari alimtazama, akanitazama mimi, akasema hakuna manyoya hapa, mama, hapa kuna kivuli, na kivuli hiki si kizuri. Kisha akauliza nani mwingine nyumbani anakohoa.

"Mama," Vero akasema. "Kila siku. Hata kabla ya Mtachoka kwenda."

Mama Vero akasema ni moshi. Walimpa kikopo, wakamwonyesha njia ya kwenda nyuma.

Majibu yao yalipotoka, yote mawili yalikuwa kama langu. Muuguzi wa Homa Bay alimuuliza kikohozi kilianza lini, na nilimsikia akijibu kwa sauti ya chini, akataja wakati ambao mimi nilikuwa bado mnene, sketi zangu bado zinanibana. Muuguzi aliniona nimesikia. Akaniambia hapo hapo kwamba hakuna anayeweza kusema nani amempa nani, nisianze. Nilianza, moyoni. Nilitaka kumrukia nimng'oe kilemba chake kichwani. Miezi yote ile ya ndoo kuondoka bombani, mlango wangu kumwagiwa dawa ya choo, na kikohozi kilikuwa mlango wa pili kinakaanga samaki.

Lakini alikuwa amesimama pale mlangoni na pakiti za vidonge mikononi, za kwake na za mtoto, na hakujua aziweke wapi. Alizishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwingine. Mimi nilishawahi kusimama hapo hapo hivyo hivyo, peke yangu. Nikachukua kiondo changu nikamfungulia, akazitia ndani.

"Zitakufanya ukojoe nyekundu," nikamwambia. "Usije ukapiga kelele chooni."

Hakucheka. Sikutaka acheke.

Jumamosi hiyo nilimwambia Okelo tunaenda Homa Bay. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake lisilo la chakula tangu Desemba. Njiani alinieleza, macho barabarani. Alisema Ojwang alikuwa amemnong'oneza kwamba kuna watu wa ploti wameshanunua sumu ya kutia kwenye vichwa vya samaki, na angeniambia ningekesha mlangoni na panga badala ya kulala na kupona. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata baada ya mbwa kuwa salama. Akasema kila akifungua mdomo nilikuwa namwekea sahani. Ni kweli. Bado nilikuwa na hasira naye, na ninayo kidogo mpaka leo, lakini hapo nilimpa nusu ya ndizi niliyokuwa nakula.

Dada yake alikuwa amembadilisha mbwa jina, anamwita Simba. Mbwa alikuwa amenenepa, ananuka ziwa, amejilaza kwenye nyavu za watu kama mama mwenye nyumba. Nilisimama mbali nikamwita jina lake. Alinyanyua kichwa, akaja mbio, akaniangusha chini kwenye mchanga, na nililia mbele ya wifi yangu bila kujifunika uso.

Tulirudi Migori jioni ya siku iliyofuata. Ploti yote ilikuwa uani, wanajua. Baada ya majibu ya Mama Vero walikwenda wote kupimwa, foleni nzima, hata Ojwang, na hakuna hata mmoja aliyenitazama usoni akaniambia pole. Mpaka ninapoandika hakuna. Lango lilikuwa limefungwa. Nilisimama nje na Mtachoka kwenye kamba, Okelo nyuma yetu, nikangoja. Sikubisha hodi. Makubaliano ni makubaliano.

Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha ndara zikija polepole. Komeo likavutwa. Mama Vero alifungua lango akasimama kando, kitambaa mdomoni kama alivyofundishwa, amekonda, mikono inanuka samaki. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Homa Bay, makali, ya kutosha miaka.

Yule mbwa mpumbavu akanivuta kamba mkononi, akanipita, akaenda moja kwa moja kwa Mama Vero na kuanza kumlamba vidole. Vidole vya samaki. Mama Vero alikaza mwili wote, macho kwangu, akingoja nimcheke. Hakuutoa mkono wake.

Maneno yangu yote yakaniishia. Nilimwangalia mikono, nikamwangalia mifupa ya shingo yake, nikajua sketi zake nazo zimekunjwa kiunoni.

"Dawa umekunywa?" nikamuuliza.

"Nimekunywa."

"Na mtoto?"

"Amekunywa."

"Haya," nikasema. "Fungua lango vizuri, tupite."